Madaftari uliyoyasahau

Uyole, Mbeya
Julai 9

Mwanangu Atupele,

Hujambo? Huku hatujambo, ila baridi imetukalia. Asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Kondakta atamkabidhi shangazi yako maparachichi sita na madaftari matatu uliyoyaacha chini ya godoro. Nimeyasoma yote, mwanangu, usikasirike.

La Kiingereza nimeangalia mwandiko tu. La Hisabati ndilo limenikalisha. Sisi tulipokuwa darasa la tano tuliimba “urefu mara upana” huku fimbo ikizunguka, na sikumbuki kama tuliambiwa hilo eneo linatumika wapi. Basi juzi nikalichukua daftari lako mpaka kwenye lile shamba tulilokodi bondeni. Mwenye shamba alitupimia mwenyewe, hatua 70 kwa 70, maana ndiyo ekari ya wakulima. Lakini unamjua anavyotembea, kama anavuka matope! Nikaazima tepu ya fundi, nikafungua na kamba ya kuanikia nguo. Urefu mita 60, upana mita 52. Nilizidisha mara tatu nikidhani nimekosea: mita za mraba 3,120. Ekari ni kama 4,047. Zimepungua 927, karibu robo ya shamba, na hela nilitoa ya ekari nzima.

Nilimfuata kwake. Akacheka, akasema siku hizi mama Atu naye mhandisi. Nikamfunulia ukurasa wako wenye vema nyekundu, nikamwonyesha na hesabu yangu chini yake (samahani, nimeandika kwa peni). Akanyamaza. Kasema Jumamosi twende tukapime upya.

Sasa Maarifa ya Jamii. Umeandika Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe, alikufa 1894, na mwalimu hakuona. Mwaka ule ndipo Wajerumani walipoiteka ngome yake ya Kalenga. Yeye aliponyoka, akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi ili wasimkamate. Usimfupishie maisha mzee wa watu. Lile la Lugalo, 1891, alipokiangamiza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, umeliandika vizuri, ila mistari miwili tu! Na wewe unaishi Iringa, Kalenga iko hapo jirani. Fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya hapo. Mwambie shangazi akupeleke Jumapili moja baada ya ibada, nauli nitatuma.

Daftari la Sayansi sijaliona, ila kazi yake naiona: tochi uliyoifumua ukitafuta saketi haijawaka mpaka leo. Betri ziko kwenye kikombe, ile springi ndogo imepotea. Mdogo wako anasema uliimeza.

Kuna jambo moja nakuomba, na lina haraka. Shamba lile halikuishia kwenye mstatili. Upande wa mtoni kuna kipande kimechongoka kama ncha ya sambusa, na mwenye shamba anataka kukihesabu ndani ya ekari yangu kufidia. Nimetafuta kwenye daftari lako eneo la pembetatu, nikakuta ukurasa umechanwa. Najua ulikoenda, niliiona ile ndege ya karatasi juu ya bati.

Niandikie hiyo kanuni pamoja na mfano mmoja, umpe kondakta huyohuyo. Anarudi Mbeya Ijumaa.

Msalimie shangazi.

Mama yako