Uzio peke yake hautatuokoa sisi wa kando ya reli

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi habari za kazi. Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Buguruni kwa Mnyamani, toka nilipokaa mpaka relini ni hatua kama thelathini hivi na huu ni mwaka wa kumi na moja nipo hapahapa, kwahiyo haya ninayoandika sijahadithiwa na mtu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni neno moja, "amejitakia". Kila treni ikimgonga mtu huku kwetu hilo ndo neno la kwanza. Marehemu hata kanga hajafunikwa, watu washatoa simu wanarekodi, na lazima atokee mmoja aseme reli sio njia bwana, amejitakia. Basi inaishia hapo, mtu anazikwa, kesho yake asubuhi tunapita palepale.

Sasa tujiulize kwanini tunapita. Soko lipo upande huu, shule upande ule, na kivuko cha halali kipo ila ni dakika kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi. Mama ana ndoo kichwani na mtoto mgongoni, nyumba yake anaiona ile pale, utamwambia azunguke nusu saa? Hazunguki, na wewe usingezunguka. Ukija utaiona njia yenyewe ilivyopita katikati ya kokoto, udongo umekanyagwa mpaka umekua mgumu kama saruji, yani hata mgeni ameshuka kwenye basi leo usiku atajua watu wanavukia wapi. Alafu wahusika wakija kujenga uzio wanaziba hapohapo bila kuweka daraja wala kivuko, haipiti wiki mbili uzio una tundu. Siwatetei wanaokata, ile ni mali ya umma, ila lile tundu linakuonyesha daraja lilitakiwa liwekwe wapi.

Kuna kitu kingine wengi hatukijui, kwamba treni inadanganya jicho. Kitu kikubwa kikiwa kinakuja kinaonekana kama kinajivuta, wataalamu waliliandika hili tangu miaka ya 80, ndo maana mtu anaangalia kichwa cha treni kwa mbali anajisemea nina muda, kumbe hana. Kule India kwenye jiji la Mumbai, ambako reli za mjini zinaua watu wengi mno, kuna sehemu inaitwa Wadala walifanya jambo dogo mwishoni mwa 2009. Walipaka baadhi ya mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, rangi ya njano ili mtu aone treni inavyoyameza moja baada ya jingine ajue spidi yake, wakaweka picha kubwa ya uso wa mtu anayepiga kelele treni ikiwa imemfikia, na honi ikawa mbili fupi fupi badala ya moja ndefu. Vifo vya pale vikashuka sana. Rangi na picha, Mhariri! Hapa kwetu zingehitajika ndoo ngapi za rangi?

Na hili ni la haraka kwasababu sa hivi tuna treni ya umeme, tangu Juni 2024 inabeba abiria Dar mpaka Morogoro na inafika kilomita 160 kwa saa. Nilipiga hesabu kwenye simu, ni mita 44 kwa sekunde moja, uwanja wa mpira inaumaliza kwa sekunde mbili na kitu. Sisi tumekulia kwenye treni ya dizeli ambayo unaisikia ikiwa bado mbali unamaliza hadi maongezi yako ndo unatoka relini, masikio yetu yamezoea hivyo, na ile ya umeme haina mngurumo ule. Watoto wa Pugu na Gongo la Mboto wafundishwe darasani tofauti hii, wasije wakajifunza kwa mwenzao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulitaja. Sio kila anayefia relini alikua anavuka.

Mwaka juzi jioni, jua linazama, nilimuona kijana amekaa kwenye tuta la reli. Hana mzigo, hana simu mkononi. Treni ya mjini, hii tuliyoibatiza ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, tangu 2012, ikaja ikashusha watu ikaondoka, yeye hakupanda wala hakunyanyuka. Nikawa naendelea kushona ila roho haijatulia. Jirani yangu mama mmoja anayeuza chapati akanizidi ujasiri, akamfata na kikombe cha chai, akamwambia "Baba, umekula?" Kijana kimya. Akarudia, "Nakuuliza wewe mwanangu, umekula leo?" Akajibu hajala toka jana. Basi akamshika mkono akamleta kwenye benchi langu, akala chapati mbili machozi yanamtoka. Nikamuuliza wazi, unafikiria kujiua? Niliogopa kuuliza, maana tunaaminishwa kwamba ukitaja unampa mtu wazo, sio kweli kabisa, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, pikipiki ikachukuliwa, mke kaenda kwao. Hatukua na majibu ya hayo madeni, tulikaa nae tu hatukumwacha peke yake hata dakika moja mpaka dada yake akafika na bajaji toka Mbagala saa tatu usiku, na wiki ile akampeleka hospitali kuonana na wa afya ya akili.

Uingereza watu wa reli na Samaritans, shirika linalosaidia watu wenye mawazo ya kujiua, wanashirikiana tangu 2010, wamefundisha maelfu ya wafanyakazi wa stesheni namna ya kumsogelea mtu na kuongea nae, na 2017 wakawaambia na abiria wa kawaida kwamba hata swali dogo tu la kumsemesha mtu linaweza kumuokoa. Ndo kilekile alichofanya mama chapati bila kufundishwa na mtu. Sasa hapa kando ya reli tuna mama ntilie, bodaboda, walinzi wa stesheni, wanaoshika bendera kwenye vivuko, tunakaa hapa asubuhi mpaka usiku na tunaona kila kitu. Tupeni mafunzo ya siku moja tu na namba ya kupiga.

Ila kuna ukuta mwingine. Sheria yetu ya kanuni ya adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa, kwahiyo mtu anaona akifunguka kesho yupo kituoni. Kenya wenzetu Mahakama Kuu Januari 2025 imesema kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Wabunge wetu naomba mlione hili, duniani wanakufa watu zaidi ya laki saba kila mwaka kwa kujiua, mgonjwa hatibiwi kwa pingu.

Msiwasahau na madereva wa treni. Nina mteja alikua dereva, anasema treni ya mizigo hata ufunge breki zote inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja ndo isimame, wewe upo mbele unaangalia tu. Ni miaka mingi imepita tangu amgonge mtu, bado usiku anashtuka. Watu wanamuuliza kwanini hukukwepa, jamani treni inakwepea wapi?

Na nyie waandishi, nawaheshimu, ila picha za maiti relini na maelezo ya namna alivyofanya hayatusaidii, yanaweza hata kumsukuma mwingine aliye kwenye hali ileile. Chini ya habari andikeni mtu aende wapi. Kwa watoto namba ya simu 116 ipo na ni bure, kwa watu wazima waambieni waende hospitali wawaambie wazi kwamba wanafikiria kujiua.

Yule kijana yupo. Sikukuu ya Idi iliyopita alikuja kibandani na shati la kupunguza mikono, akapita kwanza kwa mama chapati, akalipa chai ya siku ile.

Fundi cherehani,
Buguruni kwa Mnyamani, Dar es Salaam