FM haivuki upeo wa macho kwa kuongezewa nguvu

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya mnara mpya wa redio imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako ameeleza kwamba mtambo wa kituo hicho hapa mjini ukiongezwa nguvu, matangazo ya FM (yale ya kuiweka sauti katika kubadilika kwa masafa ya wimbi) yatasikika bila mikwaruzo kuanzia Lushoto hadi kwa wavuvi walioko katikati ya mkondo wa Pemba, na kwamba atakayekosa kusikia ajue redio yake ni mbovu. Mimi ni fundi wa redio hapa Ngamiani, Tanga, na hilo la mwisho ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Wanaoambiwa redio zao ni mbovu huja kwangu. Msimu wa kusi uliopita alikuja mvuvi mmoja wa Tongoni, mtu mzima ninayemheshimu, akiwa na redio mbili ndani ya kikapu. Ya kwanza ilikuwa ikimpotezea sauti kila anapotoka mbali na pwani. Duka moja likamwambia imekufa, likamuuzia ya pili, ambayo nayo ilipofika pale pale ikaanza kukoroma, kisha ikanyamaza. Nilizifungua zote mbili, nikazipima, sikuona kasoro yoyote. Fedha ya redio ya pili ilikuwa ya kununulia nyavu. Tena huko baharini hakuwa akitafuta muziki. Alitaka kusikia tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mtu kama huyo akifungua gazeti lako na kukuta kwamba kosa ni la redio yake, atakwenda kununua ya tatu.

Mawimbi ya FM ya matangazo, yaliyo kati ya megahezi 88 na 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kwa kawaida hayaifuati dunia inapojikunja kama yafanyavyo mawimbi ya masafa ya kati, ambayo hutambaa vizuri sana juu ya maji ya chumvi na usiku hurudishwa chini na tabaka la juu la anga. Hesabu yake si siri: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, ukizidishe kwa 4.1, utapata umbali kwa kilomita. Antena iliyo mita 100 juu ya usawa wa bahari inafika kama kilomita 41, na redio iliyoshikwa mita 2 juu ya maji inaongeza kama 6. Zikipita hizo 47, mvuvi yuko nyuma ya mgongo wa dunia, na sauti hufifia haraka. Nguvu ya mtambo hata ikizidishwa mara kumi haimwongezei ila kilomita chache. Atakaye umbali wa mnara uwe maradufu inampasa aipandishe antena mara nne. Na watu wa upande wa pili wa Usambara, kuelekea bonde la Umba, hawazuiwi na umbali tu bali na mlima wenyewe, ambao hautaondolewa kwa umeme wa mtambo wowote.

Edwin Howard Armstrong, Mmarekani aliyepata hataza za FM mwaka 1933, alilijua hili. Majaribio yake makubwa aliyafanya kwa antena iliyofungwa juu ya jengo la Empire State, New York, na kituo chake mwenyewe akakijenga Alpine, New Jersey, juu ya magenge ya mto Hudson, kwa mnara wa zaidi ya mita 100. Adui yake alikuwa mikwaruzo, kama ile ya radi, ambayo huvuruga ukubwa wa wimbi. Ndipo akaiweka sauti katika kupanda na kushuka kwa masafa, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi, na redio ikapewa sehemu ya kukata kila kinachozidi kimo cha wimbi kilichopangwa. Mwaka 1922 mhandisi Mmarekani John Carson alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba kuyabana mabadiliko hayo hakuleti faida. Armstrong akayapanua, na utulivu ukapatikana. Ninaupenda utulivu huo kwa moyo wangu wote, lakini una gharama yake: kituo kimoja cha FM hutengewa kilohezi 200, ilhali cha masafa ya kati huku kwetu hutengewa 9. Bendi nzima ya masafa ya kati isingetosha hata vituo sita vya FM, kwa hiyo ikabidi vipelekwe juu, kwenye mawimbi mafupi mno yasiyopinda kirahisi.

Mwandishi wako anasema pia kwamba AM, yaani kuiweka sauti katika ukubwa wa wimbi kama yafanyavyo matangazo ya masafa ya kati, imepitwa na wakati. Rubani anayeshuka uwanja wa Tanga huongea na mwongozaji wake kwa AM hadi leo. Redio ya FM ikipokea sauti mbili katika masafa yale yale hukamata yenye nguvu na kuifuta nyingine. Kwenye AM ile ya pili walau husikika ikigongana na ya kwanza, na mwongozaji hujua kwamba wapo wawili.

Na kwa kuwa tunazungumzia vituo, yapo malalamiko ambayo wateja wangu hawaachi kuyaleta: vituo vinavyovuta sauti zaidi ya kiasi ili vionekane vina nguvu kuliko jirani. Kiwango cha kawaida ni masafa kuyumba kilohezi 75 kila upande wa masafa ya kituo. Kituo kikivuka hapo, redio ya bei ndogo hupasua sauti na jirani yake huingiliwa, kisha mwenye redio huambiwa tena kwamba redio yake ni mbovu.

Ninaomba basi umtume mwandishi huyo apande basi la Lushoto akiwa na redio ya mkononi, aandike sauti ya kituo cha Tanga mjini inapotea wapi, kama ni Muheza, Korogwe, Mombo au Soni. Kisha apande mashua Tongoni afanye vivyo hivyo kuelekea Pemba, na ramani yake ichapwe katika ukurasa ule ule mlioutumia kwa habari ya mnara. Wakati hilo likifanyika, kila diko liwekewe redio ya vyombo vya baharini iliyofungwa kwenye mlingoti mrefu, ikisikiliza chaneli 16 ya wito na dharura baharini, megahezi 156.8, ambayo nayo ni FM, na utabiri wa bahari usomwe kwa masafa ya kati alfajiri na jioni, kabla mashua hazijatoka.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga