Asante, dada uliyetufungua macho

Dada uliyekuja kufanya mazoezi kwenye jimu yetu ndogo hapa Temeke, ukaondoka bila kutuachia jina, shukrani hizi ni zako. Ulimwona mama mtu mzima akihangaika kunyanyuka kwenye benchi, ukaniuliza kwa upole: "Kaka, wanaoacha kuja, huwa unawauliza sababu?" Kisha ukakaa nami hadi magharibi. Ukanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya kujenga usawa wa mwili, siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke ovyo.

Sasa kila Jumamosi tukishafunga, mimi na wakufunzi tunapitia daftari: nani hakuonekana, nani goti linamsumbua, nani apunguziwe uzito. Asiyeonekana anapigiwa simu kujuliwa hali, na suala la ada haligusiwi. Kwangu hilo la simu ndilo kubwa kuliko yote. Kina mama wana darasa lao la asubuhi. Wanasimama kwa mguu mmoja wakishika ukuta, huku wanacheka.

Hukutaka hata nauli. Mungu akuzidishie, dada yangu. Ukipita Temeke, ingia, hulipi kitu.