Huyo si Joginder

Mhariri,

Juzi nilipanda matatu Nakuru kwenda Eldoret kumwona mjukuu aliyezaliwa. Kwenye mlima wa Sachangwan, mahali ambapo kila mtu wa huku anajua pamekula watu wangapi, dereva wetu aliamua kuyapita malori mawili kwa mpigo, na la tatu linateremka mbele yetu likituwashia taa. Tulirudi upande wetu ikiwa imebaki nafasi ya kupenyeza mkono. Mama aliyeketi nyuma yangu akapiga kelele, “We Joginder, utatuua!” Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, nikamwona kwenye kioo amefurahi kama aliyevishwa nishani.

Mimi sikucheka. Nimeendesha mabasi miaka 29 kabla ya kustaafu, na jina hilo nimelisikia likitupwa hivyo maisha yangu yote. Anayekata kona kwa magurudumu mawili ni Joginder. Anayekamatwa na polisi kwa mwendo wa kasi ni Joginder. Mtoto anayekimbiza ringi ya baiskeli kwa kijiti ni Joginder. Huyo wa mwisho simkatazi. Hao wengine, naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme kwamba wanabandikwa jina lisilo lao.

Joginder Singh, yule dereva wa mashindano ya magari ya Safari Rally, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla watu hawajamjua kama dereva alikuwa fundi, chini ya gari na spana mkononi, kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1958 chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria, yaani yule anayezunguka barabarani akiwasaidia walioharibikiwa. Hebu fikiria shule hiyo. Kutwa unaitwa kutazama magari yaliyouawa na wenyewe: springi imekatika kwa sababu mtu alilipiga shimo bila kupunguza, injini imeungua kwa sababu mtu hakuangalia maji. Mtu akifanya kazi hiyo kisha akashika usukani, hawezi tena kuliendesha gari kama anayeliadhibu.

Na Safari ya wakati ule haikuwa hii ya Naivasha tunayoitazama tangu 2021, ambapo barabara hufungwa na watu hushindana kwa sekunde kwenye vipande ambavyo vyote pamoja ni kilomita 300 na kitu. (Hii nayo naipenda, nisieleweke vibaya. Vumbi ni lilelile.) Ile iliyoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, siku za Pasaka, mvua ya masika ikiwa imeshika, kwenye barabara ileile anayopita ng'ombe, basi na mama aliyebeba kuni. Hesabu yake ilikuwa ya dakika: ukichelewa kituoni dakika moja, unaandikiwa alama moja. Lakini gari lililolala mtaroni halikuwa na cha kuandikiwa, lilikuwa limekwisha. Mwaka 1963, na tena 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka na saba tu yakamaliza.

Pasaka ya 1974 nilikuwa na miaka 13. Chini ya shamba letu kuna kijito kinachokatiza barabara ya udongo, na mvua ya mwaka ule ilikuwa imekifanya mto. Sisi vijana tulikuwa na kamba ya katani na biashara yetu: gari likikwama tunalivuta, tunatupiwa shilingi. Wateja walikuwa wengi. Walikuja kwa kishindo, maji yakaruka mpaka juu ya paa, injini ikanyamaza katikati, nasi tukaingia na kamba tope likitufika mapajani.

Kisha likaja Lancer moja dogo. Nililisikia kabla sijaliona, gia zikishuka moja baada ya nyingine, na lilipofika ukingoni lilikuwa linakwenda kama mtu anayepapasa mahali pa kukanyaga gizani. Likaingia majini kwa gia ya chini, moto uleule, halikuongezwa wala halikupunguzwa. Likapanda ng'ambo. Hapo ndipo lilipounguruma na kutoweka. Tulibaki tumeshika kamba yetu. Kaka yangu, aliyekuwa na nambari zote kichwani, akasonya akasema, “Huyo ni Joginder. Kalasinga mchoyo!”

Siku chache baadaye tukasikia kwenye redio, Sauti ya Kenya, kwamba mchoyo wetu ameshinda. Aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, kwenye Porsche 911. Lancer lenye injini ya 1600 limeiacha Porsche nyuma! Baba, ambaye hakuwa na gari wala baiskeli, alitembea siku nzima kijijini kama kwamba yeye ndiye aliyekaa kando yake kusoma ramani. Kazi hiyo ilikuwa ya David Doig.

Haukuwa ushindi wake wa kwanza. Mwaka 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 lililokuwa limeshatumika, gari la mgongo wa kobe ambalo hata siku zile lilionekana la kizamani. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, ana miaka 44, na nyuma yake Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Singasinga Anayeruka. Huku kwetu alikuwa Simba wa Kenya.

Lakini hesabu yake ninayoipenda si hiyo ya makombe matatu. Ni hii: aliingia Safari 22, akamaliza 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine saba tu ndio waliofika, yeye alikuwa akifika. Najua kuna atakayeniambia Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 na kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Ni kweli, na simwondolei heshima yake. Tena ule wa 1973 unanisaidia: yeye na Harry Källström walimaliza wakiwa na alama sawasawa, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa adhabu. Hata Safari yenyewe ilikuwa ikimpima mtu kwa usafi wake.

Sisemi haya kama mtakatifu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye basi nilimfukuza mwenzangu kuwahi abiria wa stendi iliyofuata, nikalipiga tuta mwendo wa wazimu, springi ya mbele ikakatika. Watu wazima na watoto walilala kando ya barabara usiku kucha, bibi mmoja akijifunika gunia la viazi vyake. Tajiri hakunifuta kazi. Alinileta gereji kesho yake, akanilaza chini ya basi pamoja na fundi, tukaifungua ile springi jani kwa jani mpaka jioni. Tangu siku hiyo kila tuta nalisikia mgongoni kabla tairi halijaligusa.

Joginder alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81. Vijana wengi wanaoitwa kwa jina lake leo hawamjui. Hilo nililithibitisha Eldoret. Tuliposhuka nilimwendea yule dereva, si kwa ugomvi, nikamwambia, “Kijana wangu, yule mama amekupa jina kubwa. Joginder hakuendesha hivyo.” Akaniangalia kwa adabu, mswaki wa mti mdomoni. Aliyejibu ni kondakta wake, huku anahesabu noti: “Kwani mzee, huyo Joginder alikuwa laini gani?”

Nikamwambia, laini zote, na alikuwa akifika.

Dereva mstaafu,
Nakuru