Sabuni ya kupimiwa: chupa imeokolewa, mikono je?

Mhariri,

Anayenunua sabuni ya maji Mtwara au Lindi ana njia mbili. Achukue ya dukani yenye lebo na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), aongeze chupa nyingine jalalani. Au apimiwe mtaani kwenye chupa yake, asijue kilichomo. Wapenda mazingira husifu ya pili.

Mapishi yenyewe hayana siri: asidi ya salfoniki, ungaroli ya kutoa povu, magadi soda (soda ash), chumvi, rangi, manukato na mara nyingi fomalini ili isioze. Magadi ndiyo yanayoua asidi. Lita 1 ya salfoniki ya asilimia 96 hutosheka na takriban gramu 170 za magadi. Anayekisia kwa kopo akipunguza, asidi hubaki na vidole huwasha. Akimimina robo kilo, kama wengi walivyofundishwa, magadi huzidi na mikono hukauka mpaka ikapasuka. Karatasi ya litimasi humaliza ubishi: ya bluu ikigeuka nyekundu, asidi ipo, nyekundu ikigeuka bluu, magadi yamezidi. Mnunuzi ana haki ya kuomba ichovywe mbele yake.

Fomalini ni jambo zito zaidi. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu kuwa inasababisha saratani kwa binadamu, na mpishi ndiye anayevuta mvuke wake kwanza.

Dawa ya madoa ya klorini isipimwe kabisa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mwanga na joto letu huimaliza nguvu, mtu akamimina maradufu; mtoto naye huona maji tu. Ikichanganywa na siki, limau au asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Hapa chupa mpya isiyopitisha mwanga ni halali, mazingira yatusamehe.

Mengine ya kutunza mazingira ni mepesi. Dodoki na makumbi ya nazi husugua masufuria vizuri. Ile “mifuko mbadala” iliyoingia baada ya katazo la Juni 1, 2019, mingi ni plastiki pia. Kikapu cha ukindu hakina ubishi huo.

Tunaomba SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS wawatake wapishi wabandike kwenye kila dumu la lita 20 karatasi yenye viambato, tarehe ya kupikwa na jibu la litimasi.

Wasomaji wenu,
Mikindani, Mtwara