Neema, nisaidie na huyu "aliowaridhia"

Kwako Neema, shoga yangu,

Salamu nyingi, na najua utaguna, nyingi za wapi na miezi saba sijakuandikia hata mstari. Haya, kosa ni langu, nisamehe. Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti limempa nafuu. Kassimu yuko vile vile, usiniulize.

Nisikufiche, nakuandikia kwa shida. Nilipewa kazi ya kutafsiri salamu za Krismasi za wakuu wa nchi, za miaka na mataifa mbalimbali, ziingie kwenye kitabu kimoja. Nilipoambiwa nilicheka. Mimi Zuhura, na Krismasi! Nikajua ni vihotuba vya amani na upendo, wiki mbili nimemaliza. Leo ni mwezi wa pili, nimegombana na mhariri, na ugomvi wenyewe hutauamini. Yeye Mkristo anataka Kristo atoke. Mimi Mwislamu ndiye ninayeng'ang'ania abaki.

Sikiliza. Kuna hotuba ya Malkia Elizabeth ya Krismasi ya mwaka 2000. Nilimtafsiri hivi: "Kwangu mimi, mafundisho ya Kristo na kuwajibika kwangu mwenyewe mbele za Mungu ndivyo vinavyonipa mwongozo ninaojaribu kuufuata maishani." Karatasi ikarudi, "Kristo" limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, juu yake "Mwenyezi Mungu", na pembeni neno moja tu: "Lainisha."

Lainisha! Kama vile ni unga wa chapati.

Hoja yake ni kwamba kitabu kitasomwa na watu wa dini zote, na Mwenyezi Mungu ni wa wote. Simkatalii. Kwa Kiswahili jina hilo ni mkeka mpana, kila mtu anapata pa kukaa, ndiyo maana kwenye hotuba za serikali halikosekani. Lakini yule mama hakusema hivyo! Na ukishamtoa Kristo, lile "kwangu mimi" linabaki linaning'inia. Alilisema kwa sababu alijua wengine wanaomsikiliza si wa imani yake. Mtu akiniambia "kwangu mimi", mimi natulia, nasikiliza, hajanigusa. Akianza "sisi sote tunaamini", ndipo naanza kutafuta mlango uko wapi.

Na ndiye huyo huyo ambaye Krismasi yake ya kwanza kwenye kiti, 1952, aliwaomba watu wamwombee siku atakayovishwa taji, Juni ya mwaka uliofuata, dini yao iwe yoyote. Hapo niliweka kalamu chini. Hakulainisha kitu. Kila mtu aombe kwa njia yake, na yeye abaki na yake. Ningempelekea mhariri karatasi hiyo peke yake, bila maelezo. Labda bado nitampelekea.

Tena huyo alikuwa mtu ambaye kisheria ndiye mkuu wa Kanisa la Uingereza, kwa hiyo angetaka kuhubiri angekuwa na sababu. Kilichonishangaza ni jinsi desturi yenyewe ilivyoanza kavu. Mfalme George V alipozungumza redioni mara ya kwanza, 1932, hotuba aliandikiwa na mwandishi Rudyard Kipling, nayo ni fupi, inasifu maajabu ya sayansi na kuwasalimu waliotengwa na theluji, jangwa au bahari. Mungu anaonekana mwisho kabisa, "Mungu awabariki", basi, kama mgeni aliyekuta watu wameshanawa mikono. Miaka saba baadaye vita vimeanza, mwanawe George VI anashika kipaza sauti na kuazima shairi linalomwambia mtu atie mkono wake katika mkono wa Mungu. Hofu ikipanda na Mungu anapanda kwenye hotuba. Sisemi ni kanuni, nasema ndivyo karatasi zangu zilivyojipanga mezani. Charles naye mwaka 2022 akayataja makanisa, masinagogi, misikiti, mahekalu na magurudwara ya Masingasinga kwa kuwalisha wenye njaa. Hiyo mhariri aliipenda mno, haikuguswa hata nukta.

Sasa nije kwenye shida yenyewe, maana nakuzungusha.

Desemba 1958 Wamarekani walirusha setilaiti yenye mkanda wa sauti ya rais wao, Eisenhower, ikasikika kutoka angani huko. Ujumbe ni wa sentensi chache: anawatakia wanadamu wote amani duniani na nia njema kwa watu wa kila mahali. (Na kilichoipeleka juu ni kombora la Atlas, lile lililoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Amani duniani imepanda juu ya kombora. Nilitaka kuandika hilo pembeni nikajizuia.)

Unaona alipoyatoa maneno? Ni ule wimbo wa malaika, Luka 2:14. Nikasema hapa sihangaiki, nachukua Biblia ya Kiswahili, nanakili. Nikafungua: "Atukuzwe Mungu juu mbinguni, na duniani iwe amani kwa watu aliowaridhia."

Neema, nilikaa na "aliowaridhia" jioni nzima. Aliowaridhia nani? Mungu, bila shaka, yumo mstari wa juu. Lakini rais huo mstari wa juu hakuusema! Wengi hawausemi, nimehesabu kwenye karatasi zangu: wanachukua amani, utukufu wa Mungu wanauacha mlangoni. Kwa Kiingereza unapita tu, hakuna anayeshtuka. Kwa Kiswahili ile "a" ndogo inabaki yatima, inatafuta mwenyewe, na aliye karibu ni Rais wa Marekani. Kwa hiyo nimeandika sentensi inayosema amani iwe kwa watu ambao Eisenhower amewaridhia. Nilicheka peke yangu hadi Mama akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikawaza, huenda mwaka 1958 walikuwapo watu ambao wangesema ndiyo maana yake hasa.

Nikaenda kusoma. Kumbe tofauti ya Kiswahili na Kiingereza inaanzia kwenye herufi moja ya Kigiriki, lugha aliyoandikia Luka: nakala nyingine za kale zinayo, nyingine hazina. Kwa moja unapata nia njema kwa watu, kwa nyingine unapata watu wanaopendwa na Mungu. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilifuata ile ya kwanza, na rais akafuata hiyo. Ya Kiswahili imefuata ya pili. Basi nikinakili Luka wetu, namtilia rais mpaka ambao hakuuweka, yeye kasema wa kila mahali. Nisiponakili, msomaji Mkristo atasema huyu Zuhura hajui hata maandiko. Ndiyo maana nimekukumbuka. Usinune.

Mengine ni madogo. "Bwana", kwa mfano. Jana nimeandika "Bwana Rais alisema kuzaliwa kwa Bwana kunatukumbusha", nikasoma kwa sauti, nikafuta. Wajerumani hawajanisumbua: tangu 1970 Krismasi anazungumza rais na Mwaka Mpya chansela, zamani ilikuwa kinyume. Mfalme wa Hispania huzungumza usiku wa tarehe 24. Wafaransa walitenganisha dini na dola kwa sheria ya 1905, na rais wao hungoja tarehe 31 Desemba, kwa hiyo kitabuni hawamo kabisa. Nawashukuru, wamenipunguzia kurasa.

Na zile salamu za Kiingereza za kukwepa jina la Krismasi, ambazo huko Marekani watu wanagombania kila mwaka? Kwetu "Sikukuu njema" imemaliza. Iwe Idi, iwe Krismasi, hakuna aliyekwepa kitu. Nadhani hilo ndilo linalomchanganya mhariri wangu: anaona Kiswahili kina maneno mapana, anataka yatumike kila mahali, hata pale msemaji alipochagua neno jembamba kwa makusudi. Nikamwambia sisi Maryamu tuna sura nzima kwenye Kurani, na humo Isa mchanga anasema amani iko juu yake siku aliyozaliwa. Jina lake halinichomi. Linalonichoma ni mtu kulificha kwa ajili yangu bila kuniuliza. Akanyamaza. Halafu akasema tutazungumza Ijumaa.

Kwa hiyo nina siku nne. Niambie, mnaposoma "aliowaridhia" kanisani, mnasikia faraja, au mnasikia kwamba wengine wameachwa nje? Mama yako aliyekuwa kwaya, wao waliimba vipi huo mstari? Nikiandika "nia njema kwa watu wa kila mahali" utanicheka? Na wewe ungekuwa msomaji, ukagundua kwamba Kristo wa Malkia amebadilishwa kimya kimya, ungekasirika, au mimi ndiye ninayekuza mambo? Bi Rehema anasema ninakuza mambo. Unayo bado ile Biblia ya zamani ya babu yako, nayo inasemaje hapo? Na mtoto ameshaota meno? Mbona picha hutumi?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Zuhura

N.B. Kwenye hizi hotuba jina lako limetokea mara kumi na moja. "Neema ya Mungu", "msimu wa neema". Mhariri hajaligusa hata moja.