Usiisugue Kwanza: Dola ya Fedha Uliyoachiwa na Mzee

Dada mmoja anayelea wazee hapa Minnesota alitujia dukani Jumamosi na dola ya fedha, yaani sarafu ya madini ya fedha, aliyoachiwa na bibi aliyemhudumia miaka minne. Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. "Ilikuwa nyeusi, nikaisugua na dawa ya meno," akasema, akingoja tumsifu. Tukatazamana.

Ule weusi unaoota juu ya fedha polepole hauiharibu sarafu, na wakusanyaji wengine huupenda hasa. Ukishausugua, lenzi inaonyesha mikwaruzo myembamba, na bei inaanguka hapo hapo. Kwa kuwa wengi wetu hupewa zawadi za namna hii, hebu tueleze tunaangalia nini ukituletea.

Zinazokuja sana ni aina mbili. Ya kwanza ni ya Morgan, iliyochorwa na Mwingereza George T. Morgan, iliyotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Upande mmoja ni kichwa cha mwanamke, Uhuru. Wa pili ni tai aliyekunjua mabawa ndani ya shada la majani. Ya pili ni dola ya Amani, 1921 hadi 1928, kisha 1934 na 1935. Kwenye hiyo, Uhuru amevaa taji la miali, na tai ametulia juu ya mwamba ulioandikwa PEACE.

Zote mbili ni fedha asilimia 90, iliyobaki shaba. Uzito ni gramu 26.73 na upana milimita 38.1. Iliyochakaa hupungua kidogo, lakini ikisoma 24, hiyo si yenyewe. Sumaku pia isiishike. Isiposhika bado usishangilie, maana waghushi wanazijua metali nyingine.

Halafu tunageuza upande wa tai kutafuta herufi ya kiwanda ilikotengenezwa. Kwenye Morgan iko chini ya shada, juu ya D na O za neno DOLLAR. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada, D ni Denver, nayo kati ya za zamani ni ya 1921 tu. Pakiwa patupu, ni Philadelphia. Kiherufi hicho kinaweza kupandisha bei kuliko umri wa sarafu. Ya 1893 yenye S zilitoka 100,000 tu, ndiyo maana kuna watu hubandika S kwenye ya Philadelphia, au huchonga 8 ya 1898 iwe 3. Iliyo halali ina mchirizi mdogo wa mshazari juu ya T ya LIBERTY. Macho matupu hayauoni.

Usidanganyike na upya pia. Magunia ya dola 1,000 yalilala kwenye hazina ya serikali hadi miaka ya 1960, kwa hiyo sarafu ya 1885 inaweza kutoka kama ya jana, ila shavu la Uhuru lina makovu ya kugongana na wenzake gunioni. Makovu hayo ni ya kawaida. Nyingine hazikuwa na bahati: baada ya sheria ya Marekani ya 1918 iliyoruhusu kuziyeyusha, zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa.

Wateja wa pwani huuliza kama kuna yenye historia ya kwetu. Ipo, ila usiitafute sandukuni. Mwaka 1835 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alimpelekea Sayyid Said, sultani wa Muscat na Zanzibar, seti ya sarafu yenye dola iliyoandikwa 1804. Ile inayoaminika kuwa ndiyo iliuzwa mnada wa 1999 kwa zaidi ya dola milioni nne.

Tumrudie dada yetu. Yake ilikuwa Morgan ya 1921, haina herufi. Za namna hiyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 44, kwa hiyo bei yake ni ile ya fedha iliyomo na kidogo juu. Dawa ya meno haikumtia hasara kubwa. Ingekuwa CC ya 1889, tungelia naye.

Wewe lete ilivyo, ndani ya karatasi kavu, ukiishika kingoni. Kupima na kuitazama kwa lenzi hatutozi. Ikionekana yafaa kupelekwa PCGS au NGC, makampuni ya kukagua sarafu, kuthibitishwa, tutakutajia ada kwanza, uamue mwenyewe. Jumamosi tupo hadi saa kumi jioni.